Ufunguo Anao Mkuu wa Shule

Najua nimewatelekeza, lawama zenu nimezipata zote, lakini si mnajua tena UE haina undugu. Sasa mitihani imepita (matokeo tumwachie Mungu na mhadhiri) na mimi nimerudi kulipa deni. Kuna watu walinikaba pale kafeteria wakitaka niandike ule ubishi wa chumbani kwetu, ule wa usiku umeme ulipokatika tukabaki tunapiga soga gizani mpaka saa nane. Haya, huu hapa.

Mwenzangu wa chumba anasoma uhandisi. Hoja yake ilikuwa fupi: shule za kata hazifundishi kompyuta kwa sababu hazina kompyuta. Zipelekwe mashine, zigawiwe, watoto watajifunza wenyewe. Mimi sikubishia mashine. Nilibishia hilo neno "wenyewe". Nikamwambia historia inaonyesha vingine, akaniambia historia ni somo la watu waliokimbia hesabu. Nimeshika adabu, nikaenda maktaba, nikasoma. Sasa nampa jibu lake hadharani. Ni refu kidogo, mwenye haraka aje kesho.

Tuanzie mbali, Marekani, kwa sababu huko ndiko wazo lenyewe la mwanafunzi wa sekondari kushika kompyuta lilipopata nguvu mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa kitu cha kujaza chumba. Wewe mtumiaji hukuigusa. Ulitoboa kadi zako, ukampa mtu wa zamu, ukaondoka, ukarudi baadaye au hata kesho yake kuchukua karatasi ya majibu. Ukikosea koma moja, majibu yako ni kwamba umekosea koma, rudi tena kwenye foleni. Ni kama kufuatilia bumu.

Sasa kulikuwa na wanahisabati wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, wakifundisha chuo cha Dartmouth. Chuo hicho kiko Hanover, mji mdogo kwenye jimbo la New Hampshire, mapori mtupu, wala si New York. Hawa jamaa walitaka kila mwanafunzi wa chuo atumie kompyuta, hata yule wa fasihi na yule wa historia (umesikia, mhandisi?). Wakafanya mambo mawili. La kwanza, wakatunga lugha nyepesi ya kuandikia programu, wakaiita BASIC. La pili, wakaifanya mashine moja igawanye muda wake kwa watu wengi kwa wakati mmoja. Fikiria mama lishe mmoja mwenye meza nane: anamwaga supu huku, anapokea hela kule, anafuta meza ya tatu, na kila meza inadhani mama ni wao peke yao. Ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964, saa kumi hivi, programu za kwanza za BASIC zilikubali.

Chombo alichokalia mwanafunzi hakikuwa na skrini. Kilikuwa kama taipureta kubwa yenye kelele, kinaandika herufi kumi kwa sekunde kwenye karatasi ndefu, na kimeungwa na kompyuta kwa waya wa simu. Hapo kwenye simu ndipo pa kupaangalia. Kama ni simu tu, basi chombo hakilazimiki kuwa jengo moja na kompyuta, wala mji mmoja. Kabla miaka ya 1960 haijaisha, shule kadhaa za sekondari za eneo la New England zilikuwa zimeungwa na mashine ya Dartmouth. Kijana wa sekondari anaandika mistari yake mitano ya BASIC, anabonyeza, na mashine iliyo maili nyingi kutoka alipo inamjibu pale pale.

Kemeny alikuwa anapenda kuifananisha kompyuta na maktaba ya rafu wazi. Yaani unaingia, unachukua unachotaka, hakuna anayekuuliza kitabu hiki cha nini. Kaeni na mfano huo, nitaurudia.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana inatuhusu sisi tunaokwenda TP.

Mwaka 1971, jimbo la Minnesota, vijana watatu waliokuwa wanasomea ualimu walikuwa wanaishi pamoja, kama sisi hapa, na wote wako kwenye mazoezi ya kufundisha mjini Minneapolis. Don Rawitsch alikuwa anafundisha historia. Bill Heinemann na Paul Dillenberger walikuwa wa hesabu. Rawitsch alikuwa na mada ya wahamiaji wa karne ya 19, wale waliosafiri na mikokoteni ya ng'ombe kwenda magharibi, na alikuwa amechora ramani kubwa akitaka wanafunzi wacheze mchezo wa karata na dadu juu yake. Wenzake wakamwambia, hii si inawezekana kwenye kompyuta? Walikuwa na kama wiki mbili. Heinemann na Dillenberger wakaandika programu kwa BASIC, na tarehe 3 Desemba 1971 Rawitsch akaipeleka darasani. Wakaiita The Oregon Trail.

Wanafunzi walikuwa wanazunguka taipureta moja. Kompyuta inauliza: utatumia pesa kiasi gani kununua ng'ombe, chakula kiasi gani, risasi kiasi gani? Ukibana sana kwenye chakula, mbele ya safari mnakufa njaa. Ukitaka kuwinda, unaandika neno la mlio wa bunduki haraka uwezavyo na kompyuta inapima kasi yako. Basi wanafunzi wakagawana kazi, mmoja wa kuandika haraka, mmoja wa kushika hesabu ya pesa, mmoja wa kuangalia ramani. Mashine moja, darasa zima. Hilo mlitie akilini.

TP ilipoisha, Rawitsch akaichapa programu yote kwenye karatasi, akaifuta kwenye kompyuta, akaondoka na bunda lake. Mchezo ungeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1973 jimbo la Minnesota likaunda chombo cha umma cha kusimamia kompyuta za elimu, kifupi chake MECC. Ukisoma habari zake utaona neno moja linajirudia: usawa. Shule za miji mikubwa zilikuwa zimeshaanza kujiunga na mitandao yao tangu miaka ya 1960. Hofu ya wabunge ilikuwa kwamba watoto wa mashambani, huko kaskazini kwenye theluji na migodi, wangeachwa nyuma. Basi MECC ikajenga mtandao wa jimbo zima, waya za simu kutoka shule hadi kompyuta kubwa, na ikaajiri watu wa kuzunguka shuleni kufundisha walimu na kuandaa vitabu vya kufundishia. Mwaka 1974 Rawitsch akaajiriwa hapo hapo MECC. Akatoa lile bunda la karatasi, akaketi, akaiandika upya programu yote mstari kwa mstari. Safari hii mchezo ukafika kwenye shule za jimbo zima, mpaka vijijini.

Baadaye, mwaka 1978, MECC ikachagua kompyuta ndogo za Apple II kwa ajili ya shule, na wengi wanadhani historia inaanzia hapo, kwenye mashine kugawiwa. Mhandisi wangu naye ndipo anapoanzia. Lakini angalia kilichotangulia: walimu walikuwa wameshafundishwa, vitabu vimeshaandikwa, programu zimeshajaribiwa darasani kwa miaka. Mashine zilipokuja zilikuta watu wanajua wazifanyie nini.

Sasa nyumbani.

Mwaka huo huo wa 1974, wakati Rawitsch anaandika upya mchezo wake, Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kupiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na seti za televisheni. Najua wengi mmeshasikia hii kama kichekesho, "Mwalimu aliogopa kompyuta". Acheni hizo. Ukiisoma vizuri, ina mantiki yake.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Ilikuja kupiga hesabu za Serikali. Zikafuata nyingine chache, za kuhesabika kwa vidole, karibu zote kwenye wizara na mashirika. Matumaini yalikuwa makubwa, mashine ikaongezwa ukubwa, wataalamu wa kigeni wakaletwa, halafu mfumo wa hesabu za Hazina ukakwama. Mahesabu yakachelewa na kuvurugika mpaka ikabidi kurudi kwenye njia za zamani, na pesa zilikuwa zimeshakwenda. Ongeza kwamba 1973 bei ya mafuta duniani ilipaa, ongeza ukame wa 1973 na 1974 na chakula cha kuagiza nje. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa inakauka. Ungekuwa wewe Waziri wa Fedha, una dola chache mkononi, uchague mahindi au mashine iliyokuharibia hesabu? Mimi ningefanya hivyo hivyo.

Na kwa watu wa elimu, 1974 si mwaka mdogo. Mwezi Novemba TANU ilipitisha Azimio la Musoma: elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikiwe 1977, na wa kuingia chuo kikuu waende kwanza kazini. (Fikiria, ungemaliza kidato cha sita uende kazini kwanza, upate na sifa kutoka huko ndipo uombe Mlimani.) Nchi ilikuwa inajenga madarasa ya udongo vijijini, inatafuta chaki, inachukua vijana waliomaliza darasa la saba inawafanya walimu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kufikiria taipureta yenye waya wa simu kule Nachingwea, na simu yenyewe ilikuwa wapi?

Kwa hiyo marufuku siilaumu. Ninachokiona ni kitu kingine, nacho ndicho hoja yangu yote. Kule Dartmouth na Minnesota, mwanafunzi alikutana na kompyuta kama rafu ya maktaba na kama mchezo. Kwetu kompyuta iliingilia mlango wa Hazina. Ilikuja kama mali ya Serikali, ghali, ya kuhesabia pesa, iliyotia hasara, na baada ya 1974 ikawa kitu cha kuombea kibali. Amri ilianza kulegezwa miaka ya 1980 na kufikia miaka ya 1990 haikuwa na nguvu tena. Televisheni tukaiona bara 1994. Kibali kikafa. Tabia ya kibali ikabaki.

Katikati ya miaka ya 1990 Wizara ya Elimu ilitoa muhtasari wa somo la kompyuta kwa sekondari, somo la hiari. Hiari maana yake mwenye uwezo afundishe. Wenye uwezo walikuwa seminari, shule za mashirika ya dini, shule binafsi za mijini. Mwaka 2003 ikaja Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano, mwaka 2007 ikaja ya elimu ya msingi na sekondari. Karatasi zilikuwa nzuri tu.

Hapa katikati kuna kisa kimoja cha hapa hapa Mlimani ambacho watu wamekisahau na si haki. Mwaka 2004 idara ya sayansi ya kompyuta ya chuo hiki, ikishirikiana na Waswidi, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Ukifungua unakuta Faili, Hariri, Mwonekano. Ilikuwa bure kabisa. Mwaka uliofuata hata Microsoft nao wakawa na Kiswahili chao. Mimi naona ilikuwa kazi kubwa kuliko sifa iliyopata. Lakini sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza na mtihani ni Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wa kijijini akipewa programu ya Kiswahili anajiuliza atamfundishaje mtoto "Hariri" wakati mtihani unasema vingine. Ngoja nisiingie kwenye ubishi wa lugha, tutakesha. (Na ule wa ngamizi dhidi ya tarakilishi pia sitaki. Hapa ni kompyuta.)

Wakati huo huo kitu kikubwa kuliko vyote kilikuwa kinatokea, nacho hakikuwa cha kompyuta hata kidogo. Mpango wa MMES ulianza 2004. Mwaka huo nchi ilikuwa na sekondari zisizofika 1,300. Kufikia 2009 zilikuwa zimevuka 4,000. Ndizo sekondari za kata, ndizo zilizotusomesha wengi wetu humu, tusijifanye. Watu walichanga matofali, wakajenga, mtoto wa kijijini akapata kidato cha kwanza bila kuhama mkoa. Walimu hawakutosha, maabara hazikuwepo, umeme ndiyo usiseme, Wakala wa Nishati Vijijini wenyewe ulianza kazi 2007. Ndani ya miaka michache mkondo wa baharini wa SEACOM ukatua Dar, 2009, intaneti ikaanza kushuka bei, wahisani wakaanza kupakia kompyuta zilizotumika kwenye makontena. Nyingine zilikuwa nzima, nyingine zilikuwa taka za ofisi za Ulaya zilizopewa jina la msaada.

Hapo ndipo mimi ninapoingia.

TP yangu ya mwaka jana nilipangwa shule ya kata, wilaya moja ya mkoa wa Tabora. Umeme wa REA ulishafika. Kompyuta zilikuwepo, kumi, za msaada, zimepangwa kwenye chumba chenye pazia na nondo, kila moja imefunikwa kitambaa cha mashuka na imepakwa namba nyeupe ya mali ya shule. Nikaomba kuingia na kidato cha pili. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, mzee mstaarabu, ananiita kijana wangu. Akaniambia, "Kijana wangu, ufunguo ninao mimi. Zile mashine zimeandikwa kwa jina langu. Mkaguzi akija akakuta ziko tisa, wewe utakuwa umesharudi Dar."

Jamani, mtu huyu si adui wa maendeleo. Ana mishahara ya walinzi wawili, madarasa yana watoto sabini sabini, na kwenye leja kompyuta iko ukurasa mmoja na meza, viti na jembe. Leja haina safu ya kuandika "imetumika". Ina safu ya "ipo" na "haipo". Kompyuta iliyofunikwa kitambaa miaka mitatu inampa mkuu alama zote. Kompyuta iliyoharibika kwa kutumiwa na watoto inampa barua ya kujieleza. Ndiyo ile ile ya 1965, mlango wa Hazina, imesafiri mpaka Tabora.

Basi nikaanza bila mashine. Kuna njia inayojulikana, ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1998 cha Tim Bell na Ian Witten wa New Zealand na Mike Fellows, ya kufundisha sayansi ya kompyuta bila kompyuta. Nilinunua manila, nikakata kadi tano, nikachora nukta: ya kwanza 16, halafu 8, 4, 2, 1. Wanafunzi watano wanasimama mbele, kila mmoja na kadi yake, anaionyesha au anaigeuza. Nataka 19. Darasa linapiga kelele: kumi na sita aonyeshe, mbili aonyeshe, moja aonyeshe, wengine wageuze! Hapo hapo nikaandika ubaoni 10011. Wakashangaa kwamba hiyo ndiyo 19 ya kompyuta na wameshaitengeneza wenyewe.

Binti mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwa kadi tano mwisho wetu ni 31?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo. "Tukiongeza kadi itakuwa ya 32. Kila kadi inazidi zote za nyuma yake kwa moja tu." Sikuwa nimefundisha hilo, nilikuwa nimelipanga kwa kipindi cha wiki inayofuata.

Siku nyingine tukacheza mchezo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 64. Maswali sita tu ya ndiyo au hapana. Mwanzoni wanarusha ovyo, "ni saba? ni arobaini?" Halafu mmoja anauliza "inazidi 32?" na darasa linaona, nusu ya namba imekufa kwa swali moja. Wakaanza kukata nusu kwa nusu wenyewe. Hiyo ni kanuni ambayo sisi hapa tumeifanyia mtihani mwaka wa kwanza, na kuna watu ilibidi waisapie.

Mkuu alikuwa anapita dirishani. Wiki ya tatu akaniita ofisini, akatoa ufunguo, akasema Alhamisi, saa mbili, na nisaini daftari kuingia na kutoka. Kati ya zile kumi, sita ziliwaka. Nne zilikuwa zimekufa chini ya vitambaa vyao, bila mtoto hata mmoja kuzigusa. Tukakaa watano watano kwa zamu, na nikajikuta nafanya kama Rawitsch bila kupanga: mmoja anaandika, mmoja anasoma, mmoja anahesabu. Niliporudi Dar nilimpigia mwalimu wa hesabu wa pale kuuliza hali. Chumba kimefungwa tena. Si kwa ubaya, ni kwamba hakuna wa kusaini daftari.

Mhandisi atasema, basi tatizo ni walimu, tumemaliza. Hapana, ngoja. Mkumbuke mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto. Mwaka 2018 picha zake zilizunguka dunia nzima. Alikuwa anafundisha shule ya Sekyedomase, kijijini, haina kompyuta hata moja, na watoto wana mtihani wa taifa wa TEHAMA. Basi alikuwa anachora dirisha zima la Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, kila kitufe mahali pake, watoto wananakili. Watu wakamwonea huruma, wakamcheka, wakamsifu. Microsoft wakamwalika Singapore, kompyuta zikatumwa. Mwalimu alikuwepo, tena bingwa. Lakini ukiitazama ile picha tena, mtihani ulikuwa unamdai achore vitufe. Kwa chaki zile zile angeweza kufundisha kukata nusu kwa nusu, na watoto wangekuwa wameshika kitu kisichohitaji kontena. Muhtasari ndio uliomfungia huko.

Uingereza wenyewe waliligundua hilo. Taasisi yao ya wanasayansi, Royal Society, ilitoa ripoti mwaka 2012 ikisema somo la TEHAMA limegeuka mafunzo ya kutumia programu za ofisi na linawachosha watoto. Mwaka 2014 England ikabadilisha mtaala. Kenya iliidhinisha muhtasari wa kuandika programu 2022. Na sisi mtaala mpya wa 2023, ulioanza kutumika kwa awamu tangu 2024, una Sayansi ya Kompyuta kama somo la sekondari, kwa jina hilo hilo. Mimi nimeusoma na nimefurahi kweli. Kazi ya kugawa namba, kupanga, kutafuta, imo. Lakini leja ya mkuu wa shule haikubadilika, bado ina safu mbili zile zile, na sijaona popote palipoandikwa kwamba kompyuta ya shule ikichakaa mikononi mwa watoto hiyo ni matumizi, si hasara. Kama ningepewa kuandika mstari mmoja tu wa waraka, ningeandika huo.

Wanaokwenda TP mwaka huu, kadi zangu za manila ninazo, zimepinda kidogo lakini zinasomeka. Njooni chumbani jioni, mhandisi atawafungulia. Na kama kuna mtu mzee wake, babu au mjomba, alifanya kazi Hazina miaka ya 1965 hadi 1974 kwenye zile mashine za mwanzo, naomba aniunganishe naye. Vitabu vinasema mfumo ulikwama, basi. Mimi nataka kumuuliza ule ufunguo wa chumba alikuwa anakaa nao nani.